Naomba ushauri: Apache imegoma kuwaka, inadai moduli haipo

Wakuu, habari za kazi. Juzi nilipandisha seva kutoka Ubuntu (mfumo endeshi) 20.04 kwenda 22.04. Kila kitu kilikwenda salama, nikajipongeza mapema mno. Kuwasha Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, ikagoma.

Nikaendesha `apachectl configtest`, amri ya kukagua mipangilio. Ikanielekeza mstari wa 3 wa `/etc/apache2/mods-enabled/php7.4.load`: inatafuta `libphp7.4.so`, haioni. Kwenye `/usr/lib/apache2/modules` kweli haipo, iliyopo ni `libphp8.1.so`. Hapo nikaelewa: PHP (lugha inayoendesha tovuti zangu) imebadilika toleo, lakini kiungo cha kupakia moduli ya zamani kimebaki kinaning'inia.

Nikakiondoa kwa `a2dismod php7.4`. Kosa langu likaja hapo: badala ya kuwasha 8.1 moja kwa moja, nikafuata maelekezo ya kuokota, nikazima `mpm_prefork` na kuwasha `mpm_event` (zote ni moduli za namna Apache inavyohudumia maombi). Sasa nikiandika `a2enmod php8.1` inakataa: inahitaji `mpm_prefork`, nayo inagongana na `mpm_event`. Apache yenyewe inawaka, ila kurasa za PHP zinatoka kama maandishi matupu, msimbo wote nje! Nimeizima haraka, maana nywila ya hifadhidata imo humo humo.

Je, nirudi `mpm_prefork` yaishe, au nibaki na `mpm_event` na kuhamia PHP-FPM (PHP inayoendeshwa kama huduma ya pembeni, nje ya Apache)? Seva ina RAM ya GB 2 na tovuti tatu za WordPress. Pia `.htaccess` zangu (faili za mipangilio ndani ya folda za tovuti) zina mistari ya `php_value`, inayobadili mipangilio ya PHP. Nikienda FPM, nasikia italeta kosa la 500 (hitilafu ya ndani ya seva). Hiyo mipangilio niihamishie wapi?