Korogwe hadi Bukoba, mimi na mama watoto: gari letu, basi, au meli ya Mwanza?

Mwalimu wa UPE
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri 67, mwenzangu ana 63. Tunaishi Korogwe. Binti yetu kaolewa Bukoba na mjukuu wetu wa huko anapata kipaimara Desemba. Mjukuu mwingine yuko chuo Mwanza, naye tungependa tumwone. Mama ni mtu wa Kamachumu, huko huko Kagera, mara ya mwisho kufika kwao ni miaka sita iliyopita.

Watoto wanasema tupande ndege, watachanga. Nimekataa. Nilianza kazi mwaka 1979 shule moja ya kijiji karibu na Shelui, mkoani Singida, na sijawahi kurudi. Ndege haishuki Shelui.

Tunazo njia hizi mezani. Premio yetu, nzima, nimeifanyia sevisi juzi. Au basi kwa basi hadi Mwanza halafu meli usiku mpaka Bukoba. Au, kama anavyosema shemeji, tukapande treni ya SGR Morogoro tushuke Dodoma, kisha mabasi. Kwa gari sijui nizunguke Arusha au nishuke Chalinze na Dodoma.

Mambo mawili msiyasahau. Mimi nilitolewa mtoto wa jicho mwaka jana, mchana naona vizuri, ila usiku taa za magari ya mbele zinanichoma. Mama anachoma insulini asubuhi na jioni, na magoti yake hayataki ngazi.

Kibao cha Segera
Shikamoo mwalimu. Kwa gari pita Arusha, usifikirie mara mbili. Korogwe, Same, Moshi, Arusha, Babati, Katesh, Singida ni kama kilomita 665. Ukishuka Chalinze, Morogoro, Dodoma mpaka Singida ni kama 760. Mia nzima umeokoa, na hujaonana na malori ya Gairo na Kibaigwa.

Semi Kumi na Nane
Mimi ni dereva wa lori, Dar–Kigali, na nakubaliana na aliyetangulia, ila kuna kitu hajasema. Malori mengi ya Rwanda, Burundi na baadhi ya Kongo yanapita Morogoro–Dodoma–Singida. Kwa hiyo hata ukija kwa Arusha, ukifika Singida unatukuta. Kipande cha Singida mpaka Tinde ndicho cha kukaza macho. Hapo katikati kuna mteremko wa Sekenke. Sisi tunashuka kwa gia ndogo, taratibu kama bibi harusi, na nyuma yetu kunakuwa na vigari vidogo vinahangaika kutupita kwenye kona. Mwalimu, ukitukuta Sekenke kaa nyuma. Utapoteza robo saa tu.

Tinde tunaachana. Sisi tunakunja kushoto, Isaka, Kahama, Lusahunga mpaka Rusumo. Wewe nenda kulia, Shinyanga na Mwanza. Wengi watakwambia kwenda Bukoba pita Kahama ni kufupi. Kweli ni kufupi. Lakini utakuwa umepanga foleni na mimi siku nzima.

Msukuma wa Buhongwa
Pita Mwanza mwalimu, tena sasa hivi ndio raha. Zamani pale Kigongo ulikuwa unapanga foleni ya kivuko, unakula mihogo mpaka unavimbiwa, hujui utavuka saa ngapi. Daraja la JPM lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, dakika chache uko Busisi. Kutoka hapo ni Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, lami tupu. Mwanza mpaka Bukoba ni kama 420.

Mwalimu wa UPE
Marahaba kijana wa Segera. Asanteni wote. Dereva, umenikumbusha Sekenke. Mwaka 1979 tulishuka pale juu ya magunia ya mtama, kwenye lori la ushirika, nimeshika sanduku la bati kwa mikono miwili.

Na meli je?

Omuhaya wa Ilala
Waitu mwalimu, meli ni tamu. MV Victoria ilianza kazi miaka ya 60 mwanzoni, ikasimama, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020. Unapanda Mwanza jioni, unalala, asubuhi unapita Kemondo, unashuka Bukoba umeoga. Kwa magoti ya mama, kulala kitandani ni bora kuliko kukaa kwenye kiti saa saba. Ila chukua chumba, usimpeleke mama daraja la kukaa. Na ulizia siku za safari kabla, meli si daladala.

Mwalimu wa UPE
Nimemsomea mama hayo. Ameniambia niandike hivi: yeye alisoma bweni na MV Victoria ndiyo iliyokuwa inampeleka shule na kumrudisha. Anaijua mpaka harufu ya jikoni yake. Lakini Mei 1996 dada yake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Tangu siku ile hajakanyaga meli, na hatakanyaga.

Hili sikulisema mwanzo kwa sababu nilidhani miaka imeshapita. Kumbe nilitakiwa nimuulize kwanza kabla sijaiweka mezani.

Omuhaya wa Ilala
Poleni sana mwalimu. Nisamehe kwa ule utani wangu wa kuoga. Kwetu pia tulimpoteza mtu. Basi meli imetoka.

Nesi Sakina
Shikamoo baba, na mama pia. Mimi sijui barabara, najua insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji. Ile anayotumia sasa inavumilia nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linapita hapo ndani ya muda mfupi sana. Kwa hiyo isikae kwenye dashibodi, wala kwenye buti, wala kwenye mkoba ulioachwa kitini mkiwa mnakula.

Chukueni chupa ya chai yenye mdomo mpana. Tieni maji baridi na vipande vichache vya barafu, barafu ikishayeyuka mwageni maji, ipozeni chupa, kisha insulini ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na kitambaa kikavu iingie humo. Isiguse barafu hata kidogo. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena usimchome. Gesti mtakazolala waombeni friji, ila iwekwe chini mlangoni, siyo juu kwenye frizi.

Na baba, ratiba ya safari ifuate sindano, si sindano ifuate safari. Akishachoma lazima ale. Kuchoma Katesh ukitarajia kula Singida halafu tairi likapasuka katikati, hapo sukari inashuka. Mfukoni mwake kuwe na glukozi au juisi ya boksi, na wewe ujue ilipo. Kila saa mbili mshuke mtembee, miguu ikikaa imekunjwa siku nzima damu inaganda.

Mvita 001
Wazee wangu, mbona hamfikirii huku kwetu? Kutoka Korogwe mwaingia Tanga, mwavuka Horohoro mpaka Mombasa, SGR mpaka Nairobi kama saa tano hivi, kisha basi la Kampala, mwashukia Masaka, mwaingia Mutukula. Bukoba hapo karibu. Nyanya yangu amefanya na ana miaka sabini.

Kibao cha Segera
Ndugu yangu wa Mvita, mipaka mitatu kumpeleka mtoto kipaimara!

Mvita 001
Hahaha, haya basi. Lakini vyakula vya njiani vyetu ni vitamu zaidi, hilo mkubali.

Mchaga wa Mbali
Mtu asije akamdanganya mzee apite Ngorongoro na Serengeti eti ni kufupi kwenda Mwanza. Premio itaacha bolti zote kwenye yale mabati ya barabara, na kwenye mageti unalipia. Ile njia ni ya mwenye Land Cruiser na hamu ya simba.

Langu kubwa ni tarehe. Kipaimara ni Desemba ipi? Kuanzia tarehe 18 hivi sisi Wachaga wote tunapanda Moshi. Segera mpaka Himo kunakuwa na magari ya Dar yanakimbizana kama yanafukuzwa. Pita kabla ya hapo.

Mwalimu wa UPE
Ni Jumapili ya pili. Tutaondoka mwishoni mwa Novemba.

Nimepiga hesabu. Korogwe, Arusha, Singida, Mwanza, Bukoba inakuja kilomita 1,500 na ushei. Premio barabara kuu inakwenda kama kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo lita 125 mpaka 130. Mabasi kwa watu wawili yangekuwa nafuu kidogo, lakini ongezeni teksi, bajaji na wachukuzi wa mizigo kila stendi. Tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani. SGR nimeitoa. Treni yenyewe ni nzuri, ninaiheshimu, ila kwetu ingekuwa kupakia na kushusha mara nne, na mama ana nazi ishirini za wifi zake.

Semi Kumi na Nane
Nazi ishirini! 😂 Zifunge na magunia, zikianza kubiringika Sekenke utadhani springi imekatika.

Mwalimu, swali la heshima. Nani anakusaidia usukani?

Mwalimu wa UPE
Nilikuwa nategemea mwenyewe.

Semi Kumi na Nane
Hapana mzee. Sisi tuliozoea tunachoka. Wewe una jicho lililotengenezwa juzi. Tafuta kijana wa nyumbani mwenye leseni, mlipe posho na chakula. Hata asipogusa usukani ila siku moja, ni ile siku ambayo mvua imekuchelewesha na jua limezama hujafika. Nimeona wazee wakiegesha kando ya barabara gizani, wamewasha hazadi, wanasubiri kupambazuke. Hapo ndipo lori linapokuja kukugonga.

Bint Pangani
Dereva amesema kweli. Baba yangu alifanya Tanga–Songea peke yake na mama, akaringa. Kurudi alisinzia, wakaingia kwenye mtaro. Walipona wote wawili, gari halikupona. Mpaka leo anasema ni tairi.

Kibao cha Segera
Gawanya hivi mwalimu: siku ya kwanza Arusha, ya pili Singida, ya tatu Mwanza. Pumzika Mwanza siku nzima na mjukuu, ya tano Bukoba. Kila siku toka saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri uwe umeshika chumba. Kipande cha Makuyuni kwenda Babati, pale Kwakuchinja na Minjingu, wanyama wanavuka, usikipite jioni. Na vibao vya 50 vijijini viheshimu, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo.

Mwalimu wa UPE (wiki tatu baadaye)
Tumefika. Naandika nikiwa Kamachumu, mvua inanyesha, mtandao unakuja na kuondoka.

Nilimchukua mtoto wa kaka yangu, dereva wa bajaji lakini leseni yake ni ya magari. Alishika usukani mara mbili. Mara ya kwanza Singida mpaka chini ya Sekenke, nilimwambia mimi nataka kutazama. Mara ya pili Biharamulo, mvua kubwa, wipa hazifui dafu. Giza limeshaingia na bado tuko njiani. Kama ningekuwa peke yangu ningekuwa yule mzee wa hazadi.

Nimepigwa tochi mara moja, kilomita 61 kwenye 50, shilingi elfu thelathini. Kosa langu. Mama alikuwa ameshaniambia.

Nesi Sakina, chupa ya chai imefanya kazi. Gesti moja walituwekea insulini kwenye friji ya soda, mhudumu akaiandikia karatasi DAWA YA BIBI MSIUZE.

Shelui tulikaa saa mbili. Darasa langu la kwanza sasa ni stoo ya madawati mabovu. Shule yenyewe ina majengo mapya kwa nyuma. Mwalimu mkuu, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, alinitolea kiti nje nikakaa. Akaja mzee mmoja na baiskeli, akanitazama, akasema: "Wewe ndiye uliyekuwa unatuchapa kwa ajili ya jedwali la saba." Nikamwambia saba mara nane. Akajibu hamsini na sita kabla sijafunga mdomo. Mama alicheka mpaka Igunga.

Darajani Busisi mama alitaka tusimame atazame ziwa. Hairuhusiwi, nikapunguza mwendo tu. Mama akashusha kioo, akatazama upande wake mpaka tukafika ng'ambo. Hakusema kitu, na sisi hatukumsemesha.

Nazi zimefika kumi na tisa.

Kurudi tunafikiria kupita Kahama, nione huko dereva anakotukimbiza. Sasa swali: wifi zake wametupa senene, ndoo nzima, zimekaangwa. Je, zitafika Korogwe zikiwa salama ndani ya gari siku nne, au tukazianike tena kwanza?

Omuhaya wa Ilala
Waitu mwalimu, zianike zikauke kabisa, usifunike zikiwa na uvuguvugu. Na ukipita Dar ndoo iache kwangu.

Semi Kumi na Nane
Dar hapiti. Mwalimu, nitakuwa Kahama tarehe ishirini. Nifungie kikombe kimoja.