Mwalimu wa kuimba: wa opera, wa bendi au wa mtandaoni? Nisaidieni kuchagua

SautiYaPili (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Nimeimba kwaya miaka sita, alto, na muda wote huo sijawahi kufundishwa kuimba. Nilikuwa namfuata tu aliyesimama pembeni yangu. Sasa nataka mwalimu wangu mwenyewe, mimi na yeye tu.

Kinachonisumbua ni hiki: nikipanda ngazi ya noti, ikifika noti fulani, ile ile kila siku, sauti inakatika. Halafu inarudi nyembamba, yenye hewa nyingi, utadhani kaingia mtu mwingine. Nimechoka kuikwepa noti hiyo.

Nimepata watatu. Wa kwanza (A) amesomea uimbaji wa opera na anapiga piano mwenyewe. Wa pili (B) anaimba kwenye bendi, sauti yake naipenda mno, na anafundisha kwa nyimbo unazozitaka wewe. Wa tatu (C) yuko mbali, anafundisha kwa video, dakika 30 mara mbili kwa wiki.

Sina mpango wa kuimba opera. Nataka nyimbo za kawaida, na maiki mkononi. Ningekuwa nyinyi, mngemchagua nani?

BesiNzito
B, bila kusita. Unataka kuimba na maiki, jifunze kwa anayeimba na maiki. Mwimbaji wa opera hufunzwa sauti yake ivuke okestra nzima bila chombo chochote. Kuna mlio wa kung'aa anaoujenga, kwenye masafa ya karibu 3,000 Hz (mitetemo 3,000 kwa sekunde), mahali ambapo okestra haina nguvu sana, ndiyo maana unamsikia hata ukikaa kiti cha nyuma kabisa. Ni ufundi mkubwa na nauheshimu. Ila kwa wimbo wa taratibu, mdomo ukiwa sentimita chache kutoka kwenye maiki, mlio huo hauuhitaji.

KooLilopona
Dada, kabla hujamsikiliza BesiNzito, nisikilize na mimi.

Nilimchagua mwalimu wangu kwa sababu hiyo hiyo yako: sauti yake niliipenda. Alikuwa anaimba mstari, na mimi naurudia. Nikishindwa, anauimba tena kwa nguvu zaidi na kuniambia, "Toa sauti! Usiogope!" Hakuwahi kuniambia ninafanya nini tofauti na yeye. Nadhani hakujua, maana kwake ilitoka yenyewe tangu utotoni. Nikitoka darasani koo linawaka, asubuhi naamka sauti inakwaruza. Nilipomwambia, akajibu kwamba sauti inakomaa.

Nilivumilia miezi mitano. Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kamera nyembamba puani, nikaziona nyuzi zangu za sauti kwenye skrini: vinundu viwili vinatazamana, kimoja kila upande, kama sugu. Hebu fikiria, ukiishikilia noti ya 440 Hz nyuzi hizo zinakutana mara 440 kwa sekunde moja. Ukizibana kila siku, zitaota sugu tu. Nilinyamazishwa, kisha nikapelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya sauti, na vikaisha bila kisu. Lakini nilipoteza karibu mwaka mzima wa kuimba.

Kwa hiyo mimi sikuulizi kati ya opera na bendi. Nakuuliza: ukimwambia mwalimu koo linauma, atafanya nini? Uchovu kidogo baada ya somo sawa. Maumivu hapana.

MpigaKinanda
Nafundisha kuimba, na neno la KooLilopona ningeliweka juu ya uzi huu. Kuimba vizuri na kufundisha vizuri ni vipaji viwili. Wapo wenye vyote, lakini usidhani kimoja kinaleta kingine.

Shida yako, mleta uzi, ina jina la kawaida kabisa: ni kivuko kati ya sauti ya kifua na sauti ya kichwa. Chini, nyuzi zinatetemeka zikiwa nene na fupi. Juu, zinavutwa na kuwa ndefu na nyembamba. Ukiubeba uzito wa chini hadi juu, panafika mahali misuli inaachia ghafla, na hapo ndipo sauti inakatika. Hujavunjika popote.

Basi omba somo moja la majaribio kwa kila mmoja, na uimbe makusudi noti hiyo mbovu. Usiifiche! Halafu tazama mwalimu anafanya nini katika dakika mbili zinazofuata. Akikwambia "sukuma kwa tumbo" na akaishia hapo, bado hujasaidiwa. Akikwambia "imba na kiwambo", yaani ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, pia mwulize ana maana gani, kwa sababu kiwambo hukihisi moja kwa moja. Unachohisi ni mbavu na tumbo. Mwalimu mzuri atabadilisha kitu kimoja: irabu, ukubwa wa sauti, au upande unaoiendea noti. Atasikiliza, atabadilisha kingine.

Na awe na udadisi wa mambo ya ndani ya koo. Mtu tunayemkumbuka kwa kuziona nyuzi za sauti zikifanya kazi kwa mtu aliye hai, mwaka 1854, kwa vioo viwili na mwanga wa jua, ni mwalimu wa kuimba, Manuel García, na koo lilikuwa lake mwenyewe. Napenda kuwakumbusha walimu wenzangu hilo.

Nipo_Mbali
Nasoma kwa video mwaka wa pili. Nimefaidika, lakini jueni mambo mawili. Sauti inachelewa, kwa hiyo mwalimu hawezi kukupigia piano mkaenda pamoja. Anakutumia rekodi, unaimba juu yake. Pia programu hizi zimeundwa kwa maongezi, noti ndefu zinaiona ni kelele na kuififisha. Zoom ina mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki, uwashe. Kwa anayeanza na tatizo kama lako, ningeanza ana kwa ana.

BesiNzito
KooLilopona, pole sana. Narudisha nusu ya maneno yangu: bado nasema B, lakini ajaribiwe kwanza.

SautiYaPili (mleta uzi)
Wakuu, nimerudi. Nimekwenda kwa A na kwa B.

B ni mchangamfu, nilifurahi. Sauti ilipokatika alishusha ufunguo wa wimbo, ukatoka vizuri kabisa, tukaendelea. Lakini pale panapokatika hatukupagusa.

A alisimama. Akaniuliza kama panauma, nikasema hapana. Akaniambia niache kupanda, nianzie juu, kwa sauti ndogo, kwa "u", niteremke polepole. Kisha akanipa mrija na glasi ya maji nusu, nivume ndani yake nikiteleza juu na chini, mapovu yasikatike. Mara ya nne niliteleza nikapita pale bila kukatika. Nilinyamaza, nikamtazama. Akasema, "Tena." Ikapita tena.

Nikamwuliza kuhusu opera, akajibu kwamba mtindo nitauchagua mwenyewe, na siku akiona nimemzidi kwenye mambo ya maiki atanielekeza kwa mwingine. Nimejiandikisha miezi mitatu. Somo la pili ni Alhamisi, kaniambia nije na wimbo mmoja ninaoupenda, na mrija wangu.