Kikundi cha Ukoo: Bango la Jumamosi

Jumatano, 21 Februari 2024

Dada Zuwena, 19:42
Assalaam alaykum nyote. Nawakumbusha kuwa Jumamosi hii Yanga inacheza na CR Belouizdad ya Algeria, Ligi ya Mabingwa Afrika, Kwa Mkapa saa 1:00 usiku, na sisi wa Unguja tunavuka kwa boti ya asubuhi ili tufikie kwa Ami Makame, Mbagala, kabla ya kwenda uwanjani. Nauli kila mtu anajitegemea kama kawaida. Ninalolileta leo ni bango. Fundi wa Darajani anataka maneno yamfikie kabla ya sala ya Ijumaa, vinginevyo hatachapa. Napendekeza liwe na jina moja tu, la kiungo wetu wa Zanzibar, Mudathir Yahya, na kila mtu mzima achangie shilingi 5,000.

Dada Zuwena, 20:31
Naona watu 19 wamesoma na hakuna hata mmoja aliyejibu.

Shangazi Asha, 20:50
Waalaykum salaam, mwanangu. Mchango wangu nitautoa. Ila naomba nijue mapema safari hii chakula kinabebwa na nani, maana yale ya Desemba sitaki kuyaona tena.

Dada Zuwena, 20:52
Shangazi, chakula tutakizungumza, naahidi. Kwanza bango, kwa sababu fundi hasubiri.

Ami Makame, 21:15
Zuwena, nyumba yangu iko wazi kwenu na mikeka ipo. Kuhusu bango, siwezi kuliunga mkono. Klabu yenyewe imeipa mechi hii jina la Pacome, kiungo wetu kutoka Ivory Coast, na huku Dar es Salaam vijana wanapaka nywele rangi ya dhahabu kwa ajili yake. Tuna pointi 5 katika kundi hili, na ukitaka kujua zimetoka wapi, mtazame Pacome Zouzoua: yeye ndiye aliyesawazisha na Al Ahly dakika za nyongeza tulipokuwa tumeshainamisha vichwa, yeye ndiye aliyefunga kule Kumasi tulipotoka sare na Medeama, na tuliporudiana nao hapa tukashinda 3-0 ni yeye aliyefungua mlango. Sisi tukienda na bango la mtu mwingine siku hiyo tutaonekana tumekwenda kubishana na uwanja mzima.

Juma, 21:19
Ami, naomba kuuliza kwa heshima: wewe uliyebakiwa na nywele za pembeni tu, hiyo rangi ya dhahabu utaipaka wapi?

Bakari (Muscat), 21:20
😂😂😂

Dada Zuwena, 21:24
Juma, wewe ni mtu wa Simba na hili halikuhusu. Ami, bao la tatu siku ile ya Medeama alifunga nani?

Juma, 21:26
Mimi ni mwanaukoo, Dada. Isitoshe Ijumaa tunacheza na ASEC Mimosas kwao Abidjan, walikotoka hao Pacome na Aziz Ki wenu. Tukimaliza na walimu tutarudi kwa wanafunzi.

Ami Makame, 21:27
Wanafunzi waliokufungeni 5-1 tarehe 5 Novemba?

Juma, 21:28
Ami, ule mwezi tulikubaliana hautajwi humu.

Dada Zuwena, 21:40
Nimeuliza bao la tatu alifunga nani, na mmekimbilia nywele. Alifunga Mudathir. Alifunga pia dhidi ya TP Mazembe mwaka jana tuliposhinda 3-1, mwezi mmoja tu baada ya kusajiliwa, huku wengine wakisema tumeokota mtu aliyekaa nusu msimu bila timu. Septemba tulibanwa na Namungo hadi jasho likatukauka, akafunga yeye dakika za mwisho, 1-0. Mwezi huu huu wa Februari tulibanwa na Dodoma Jiji, akafunga yeye dakika za mwisho, na siku tatu baadaye tukabanwa na Mashujaa, akafunga yeye tena. Hizo tatu za ligi ni pointi za ubingwa, na zimepatikana pale Chamazi, katika uwanja wa Azam, watu waliomlea tangu alipotoka hapa kisiwani akiwa kijana mdogo. Lakini siku zinapogawiwa majina, jina lake halisikiki. Ndiyo maana nataka bango.

---

Alhamisi, 22 Februari 2024

Dada Zuwena, 07:05
Sabahalkheri. Mpaka sasa wamechanga watatu. Bakari, uliahidi.

Bakari (Muscat), 11:48
Samahanini, nilikuwa kazini tangu alfajiri. Riyali zangu zitafika, inshallah, ingawa si lazima zifike kabla ya Jumamosi. Na mimi naomba kusema jambo moja. Mwaka juzi mwezi wa Desemba, Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga, humu humu ndani aliitwa msaliti na asiye na shukurani, na wengine wakasema kijana wa kisiwani hajui thamani ya klabu kubwa. Leo yuko Azam, anafunga na watu wanamsifu. Kwa hiyo kabla hatujaandika jina la mzawa kwenye kitambaa, nauliza: mapenzi haya yatadumu mpaka lini? Mpaka akose penalti?

Shangazi Asha, 12:10
Bakari, hilo tulishalifunga.

Bakari (Muscat), 12:13
Tulinyamaza tu, Shangazi. Dada Zuwena alitoka kwenye kikundi miezi miwili kwa sababu yake.

Dada Zuwena, 12:20
Nilitoka kwa sababu nilitukanwa, na aliyenitukana anajijua na anasoma. Nilichosema siku ile ndicho ninachosema leo. Mzawa akidai maslahi anaambiwa avumilie kwa sababu yuko nyumbani, na mgeni akidai yale yale anaitwa mtu anayejua thamani yake. Kanuni inaruhusu wageni 12 katika timu moja, na sina ugomvi na wageni, nawapenda wote. Aucho akikosekana pale katikati nalia kama nimefiwa. Ninachotaka ni kwamba mtu akifanya kazi ile ile apewe heshima ile ile.

Ami Makame, 13:02
Hapo ndipo tunapopishana, mwanangu, na naomba unisome mpaka mwisho. Mchezaji haongezwi thamani na mahali alipozaliwa. Mwezi uliopita Taifa Stars imerudi kutoka Ivory Coast na pointi 2, imeshindwa kuifunga Zambia iliyobaki na watu 10 na iliyosawazisha dakika mbili kabla ya 90, na Muda, yaani huyo Mudathir, alikuwa kule pamoja na wazawa wenzake tunaowaonea huruma. Mimi Muda namkubali sana. Ninachokataa ni kumsifu kwa sababu ni wetu, kwa kuwa sifa za namna hiyo zinamshusha, zinamfanya aonekane kana kwamba amewekwa pale kujaza nafasi ya wazawa, wakati kocha Gamondi, Mwargentina asiyejua Unguja wala Pemba, anampanga kwa sababu anamhitaji. Mwacheni apimwe kwa mizani ya Aziz Ki na Pacome, wala msimtengenezee mizani yake peke yake.

Juma, 13:05
Leo Ami amesema maneno ya mtu wa Simba.

Dada Zuwena, 13:30
Ami, mizani hiyo hiyo ndiyo ninayoililia. Ila unisamehe kwa hili ninaloliandika, kwa sababu limenikaa moyoni muda mrefu. Wewe huwa mwepesi wa kutaka mzawa apimwe na mzito wa kumsaidia afike mahali pa kupimiwa. Tulikuwa naye kiungo wetu wenyewe katika ukoo huu, na sote tunajua nauli ilikwama mkononi mwa nani.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Shangazi Asha, 13:34
Zuwena. Mwanangu yumo humu ndani.

Ami Makame, 13:36
Nimeusoma kabla hujaufuta. Nilisema amalize skuli kwanza. Nilisema hivyo mbele ya mama yake, na sijaona aibu ya kusema hivyo.

Juma, 13:41
Jamani, mwenye ratiba ya boti ya Jumamosi jioni anitumie.

Dada Zuwena, 13:42
Juma, hakuna anayerudi Jumamosi jioni. Mechi ni usiku!

Babu, 17:20
*(Ameandika mjukuu wake, maneno ni yake mwenyewe.)*
Nimesomewa yote. Mpira nimeutazama tangu Amaani haijajengwa, na mabishano ya nani ni wetu na nani si wetu nimeyasikia kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Sitasema lolote kuhusu Pacome wala Mudathir, kwa kuwa wote wawili wana watu wao wa kuwasemea. Nasema kuhusu Haji, huyo kiungo wa ukoo wetu. Ile klabu ya bara ilipomrudisha, alishuka gatini na begi lake na viatu vyake vya mpira vikining'inia mabegani, na katika watu wote walio katika kikundi hiki hakuna aliyekwenda kumpokea, si Makame aliyekataa nauli, si Zuwena anayemlaumu Makame. Nilikwenda mimi na mguu wangu huu. Leo mnachangishana kumwambia mtoto wa watu kwamba mnamthamini. Mwambieni, ni jambo zuri. Lakini bango lisitoke nyumbani kwangu kabla wa kwetu hajaulizwa analionaje.

Shangazi Asha, 18:55
Ahsante, Baba.

---

Ijumaa, 23 Februari 2024

Dada Zuwena, 06:30
Assalaam alaykum. Haji, mdogo wangu, Babu amesema uulizwe. Nakuuliza.

Ami Makame, 08:02
Na mimi nakuuliza, Haji.

Haji, 09:47
Waalaykum salaam. Nilikuwa nayasoma tangu juzi. Ya zamani naomba tuyaache, nitazungumza na Ami mwenyewe siku nyingine.

Kuhusu Muda, naona nyote mnahesabu mabao, na mabao ni sehemu ya mwisho ya kazi yake. Mtazameni pale mpira unapokuwa upande wa kulia kwa beki wetu Yao. Beki mmoja yuko na Aziz Ki, kwa sababu kila timu inajua kuwa ule mguu wa kushoto usiachwe huru. Pacome amekwishawavuta wawili upande mwingine, kwa sababu akipata mpira akiwa ameelekea goli ni balaa. Hapo kati ya beki wa kati na beki wa pembeni panabaki uwazi ambao ukiwa jukwaani huuoni, na Muda huanza kukimbia kuelekea hapo kabla pasi haijapigwa, akitokea chini, nyuma ya mgongo wa kiungo wao. Mara tisa katika kumi mpira hauji, naye hurudi mbio mita 40 kukaba, na hakuna anayempigia makofi kwa mbio hizo. Mara ya kumi mpira unakuja, anafunga, anajifanya anapiga simu, na sisi tunasema ana bahati ya dakika za mwisho. Hana bahati. Dakika za mwisho wenzake na wapinzani wamechoka na yeye bado anazikimbia zile mbio alizokuwa akizikimbia tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo Ami ana haki kwamba bila Pacome na Aziz Ki uwazi ule haupatikani. Na Dada Zuwena ana haki kwamba bila mtu wa kuuingia, uwazi ni nyasi tu. Kesho tunawahitaji wote. Tulifungwa 3-0 kule Algeria na tuko sawa nao kwa pointi, kwa hiyo tukitaka kufuzu robo fainali kesho bila kusubiri mechi ya Cairo na Al Ahly ni lazima tuwashinde kwa tofauti ya mabao manne. Mabao manne hayapatikani kwa washambuliaji peke yao, lazima mmoja atokee nyuma.

Mimi nilikuwa nacheza nafasi ile. Sikuwa na pumzi zake.

Shangazi Asha, 09:59
❤️

Bakari (Muscat), 10:15
Haji, katika miaka yote sijasoma jambo lililoelezwa vizuri namna hii humu ndani. Nimeshatuma mchango wangu sasa hivi.

Juma, 10:17
Hata mimi wa Simba nimeelewa, na nimeogopa.

Ami Makame, 10:40
Haji, ahsante. Ukija Mbagala tutakaa, wewe na mimi, kabla ya watu hawajaamka. Zuwena, pendekezo langu: bango liandikwe majina mawili, Pacome na Mudathir, sawa kwa sawa.

Dada Zuwena, 10:52
Sawa kwa sawa, lakini jina la Mudathir litangulie.

Ami Makame, 10:54
Siku ni ya Pacome, mwanangu.

Dada Zuwena, 10:55
Siku ni ya Pacome, bango ni letu. Babu, tunaomba neno lako.

Dada Zuwena, 11:20
Babu?

Babu, 11:31
*(Ameandika mjukuu wake.)*
Babu anatia udhu, amesema mumuulize Haji.

Dada Zuwena, 11:33
Haji, nani atangulie? Fundi amenipigia mara mbili, anafunga saa 6:00 kamili. Na hujasema kama unavuka nasi kesho. Nafasi yako kwenye boti nimeiweka, tiketi yako ya uwanjani, jukwaa la mzunguko, ninayo, na Shangazi amesema chakula atapika yeye ikiwa unakwenda.

Shangazi Asha, 11:35
Nilisema nitapika. Sikusema ikiwa.

Dada Zuwena, 11:50
Nimemwambia fundi aanze na rangi ya kijani na njano, majina nitampelekea baada ya sala. Amekubali kwa shingo upande na ameomba aongezewe shilingi 10,000. Waliobaki kuchanga ni tisa, nawajua kwa majina, na nitaanza kuwapigia mmoja mmoja. Haji, simu yako haipatikani, ukiwasha nijibu.