Naomba ushauri: leseni ya bastola Texas, na nina kesi ya zamani ya bangi

Ndugu zangu, hasa mlioko Marekani, habari za majukumu. Niko Houston, naendesha lori usiku. Mwaka 2016 polisi walinisimamisha, wakakuta msokoto mmoja na kimfuko cha bangi chini ya kiti, kama gramu nane hivi. Texas bangi isiyozidi aunsi 2 (kama gramu 57) ni kosa dogo la daraja B. Nikakiri, nikalala ndani siku tatu, nikalipa faini. Tangu hapo sijagusa hata sigara.

Najua tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 asiye na kizuizi anabeba bastola bila leseni huku. Ila mimi navuka majimbo, na mengine yanataka kuona kadi.

Nilivyosoma, kosa la daraja A au B linakuzuia kupata leseni kwa miaka 5. Ukitiwa hatiani mara 2 ndani ya miaka 10 kwa pombe au dawa, wanakuhesabu mraibu, leseni hupati. Yangu ni moja tu, kwa hiyo naona napita. Shemeji anasema najichongea (yeye na woga wake!).

Kinachoninyima usingizi ni grini kadi, maana bado si raia. Uhamiaji huvumilia kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30 ya kuvuta mwenyewe, lakini alama za vidole zikienda tena kwa ajili ya leseni, si nitakuwa nimeamsha aliyelala? Aliyewahi kupitia hili anieleze: kesi uliiandika kwenye fomu? Au nitangulie kwa wakili wa uhamiaji?