Wauza vinanda mjini mmezidi, toi la mtoto mnaliita kinanda cha kujifunzia!!

Jamani hii tabia inakera mpaka basi. Mtu unaingia dukani hapa mjini Unguja unasema wazi kabisa, nataka kinanda cha bei ya chini, najifunza, nipige nyumbani jioni nikitoka kazini, sina bendi wala siendi kupiga taarab na Culture Musical Club, unaletewa boksi limeandikwa PROFESSIONAL 61 maandishi makubwa, halafu kijana anabonya kile kitufe cha demo, linatoka linyimbo tamu hilo, ngoma, gitaa, filimbi, yeye mwenyewe kafunga mikono kifuani anakutizama. Laki mbili na nusu imekwenda.

Sasa fungua nyumbani uone vituko. Kii nyembamba, kidole cha mtu mzima kinabonya mbili kwa mpigo. Noti tatu mkono wa kushoto, ukianza na wa kulia za kushoto zinakatika zenyewe, maana hakiwezi kutoa sauti nyingi pamoja. Yamaha PSR-E273, ambayo ni ya wanaoanza tu, inatoa noti 32 kwa wakati mmoja, Casio CT-S200 inatoa 48, hili toi nikishika tano moja inakimbia!

Na lile la kubonya taratibu ikatoka sauti ndogo, kwa nguvu ikatoka kubwa, sahau. Niseme haki, hata hizo mbili hawajazitia, ukilitaka upande CT-S300 au PSR-E373, lakini zile angalau kii zake za saizi ya kawaida na tundu la pedali ya kurefusha sauti (sustain) lipo. Hata langu lipo, tena wamechapa SUSTAIN pembeni, nimemulika na tochi ya simu, ndani plastiki tupu. Yaani mtu kakaa kiwandani akatoboa tundu la kudanganyia watu.

Adapta ndo usiseme. Yake imekufa siku ileile, nampigia muuzaji ananambia "chukua ya ruta tu yakhe, inafanya kazi". Ya ruta?? Casio ile inataka volti 9.5, Yamaha ndogo zinataka 12, kila kimoja na chake, ukichomeka tu ovyo ukaunguza bodi nani analipa? Na umeme wetu tunaujua, ukikatika zile unatia betri sita za AA unaendelea, hichi hakina hata pa kutilia betri.

Halafu eti "hichi kinapiga mpaka taarab". Taarab gani sheikh? Rasti na bayati, ile mipangilio ya noti ya taarab, zina robo sauti, zinakaa baina ya kii na kii, vinanda vya kawaida vya wanaoanza hazimo, ndo maana Yamaha wakatoa PSR-A350 makusudi kwa muziki wa Kiarabu. Mie sikuomba hicho, ila usinidanganye usoni.

Nimekirudisha naambiwa mali ikishatoka dukani hairudi, na risiti yenyewe ya mkono imeandikwa "piano 1", jina la kampuni hamna, modeli hamna, sijui hata nishitaki nini.

Aliyewahi kurejeshewa pesa kwa kesi kama hii aseme alipitia wapi. Na mwenye Casio au Yamaha iliyotumika, kii zote 61 zinalia na adapta yake ya asili ipo, anitumie PM, hata ikiwa Fuoni nakuja leo leo.