Msukuma Tabora, Mdakama Mwanza

Mimi: Shikamooni nyote. Ukurasa wa kwanza wa daftari la ukoo nimeuanza hivi: "Sisi ni Wasukuma wa Kahama." Kabla sijaupeleka kwa mchapaji, naomba anayeona kosa aseme usiku huu.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Kosa lipo katika neno la tatu.

Kaka: Babu, shuleni na mtaani tumeitwa Wasukuma tangu utotoni. Kama sisi si Wasukuma, basi ni nani?

Babu: Nitaeleza taratibu, kwa kuwa macho yangu na simu hii havielewani. Katika lugha yetu, sukuma ni upande wa kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Maneno hayo hayakuanza kuwa majina ya makabila. Yalikuwa ni kunyoosha kidole tu. Mtu wa Tabora aliposema Wasukuma, alimaanisha watu wanaokaa kaskazini kwake, na mtu wa Mwanza aliposema Wadakama, alimaanisha wale wanaokaa kusini kwake. Sasa tazameni Kahama ilipo. Ujanani nilipokwenda Mwanza kutafuta kazi ya kuchambua pamba, niliitwa Mdakama tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata nilipokwenda Tabora kumsalimu mjomba wangu, watoto wa pale wakaniita Msukuma na kuniigiza matamshi mpaka nikaona haya kuomba maji. Hakuna kilichobadilika kwangu isipokuwa stesheni niliyoshukia.

Kaka: Kwa hiyo jina lilimtegemea aliyekuwa anakutazama.

Babu: Na mahali aliposimama.

Shangazi: Shikamoo Baba. Mbona ulipokuja Dar es Salaam kunitembelea kabla sijaolewa, majirani wa Kizaramo walikuita Mnyamwezi, nawe ukacheka nao bila kuwasahihisha?

Babu: Marahaba, binti yangu. Wale ni watani zetu, na mtani hasahihishwi. Tena hilo la Wanyamwezi ni jina tulilopewa na watu wa pwani. Wazee wetu walijitambulisha kwa utemi wao: wa Unyanyembe alikuwa Mnyanyembe, wa Urambo alikuwa mtu wa Urambo, nchi iliyochukua jina la Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, ndipo walipokuta wanaitwa Wanyamwezi, watu wa mwezi. Maelezo niliyoyasikia mimi ni kwamba mwezi mwandamo huonekana magharibi mara jua linapozama, kwa hiyo mtu wa pwani aliyeutafuta mwezi jioni alikuwa akitazama upande ule ule tuliotokea sisi na mizigo yetu. Basi watu wakalirudisha jina hilo nyumbani pamoja na nguo na shanga, na leo mjukuu wa mpagazi anajiita Mnyamwezi kwa fahari.

Mimi: Mjomba, najua unasoma. Wewe wa Dodoma una lipi?

Mjomba: Nasoma, mpwa wangu, na ninacheka. Shikamoo Mzee. Sisi Wagogo tunasimuliwa kwamba jina letu lilitoka kwa misafara hiyo hiyo ya kwenu iliyokuwa ikipita katika nchi yetu kavu kuelekea pwani, na wapo wanaolihusisha na magogo ambayo wapita njia waliyakuta pale walipopumzika. Hebu fikirini: mtu anapita, anaona gogo, na watoto wako wanabeba jina la gogo kizazi baada ya kizazi! Ila babu zetu hawakukaa bure. Kila msafara uliotaka maji na ruhusa ya kupita ulilipa hongo, na wakati huo hongo ilikuwa ushuru halali wa mtemi, si hii ya kupenyezwa chini ya meza.

Babu: Marahaba. Hongo yenu ilikuwa kali kuliko jua lenu.

Shangazi: Niwaongezee ya huku Mombasa. Nilipoolewa nilimwambia mama mkwe wangu kwa heshima zote kwamba nimefurahi kuingia katika nyumba ya Waswahili. Alinitazama kwa upole, kisha akaniambia kwamba wao ni Wakilindini. Nilidhani anataja bandari. Baadaye nilifahamu kwamba wenyeji wa mji huu walijipanga katika taifa kumi na mbili: Thelatha Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na waliobaki ndio Tisa Taifa, ambamo wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na wengineo. Ukiyasikiliza majina hayo utaona kwamba mengi ni majina ya mahali, na baadhi ya mahali penyewe pako mbali na kisiwa hiki, kwa maana familia zilihama zikaja na jina la zilikotoka. Hata neno Swahili lenyewe ni la mgeni, kwani sawahil kwa Kiarabu ni pwani. Mama mkwe hakulikataa. Alisema tu kwamba hilo ni jina la kumwambia mtu anayetoka mbali.

Mimi: Na nyinyi wa pwani mliwapa wageni wenu majina?

Shangazi: Bila kukosa. Aliyetoka bandari ya Shihr kule Hadhramaut aliitwa Mshihiri, na aliyetoka Oman aliitwa Mmanga, kwa kuwa nchi hiyo huku iliitwa Manga. Kila ukitia pilipili manga katika pilau unaitaja nchi hiyo bila kujua. Lakini lipo moja ambalo pwani hatuwezi kulisema kwa kicheko. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao walioishi nyuma ya pwani waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, na jina hilo likaandikwa hata katika vitabu na ramani. Katika miaka ya 1940 wenyewe wakashika jina la Mijikenda, miji tisa, wakihesabu makabila yao tisa na makaya yao. Leo ukimwita jirani yangu Mnyika atakuuliza kama umeamka vizuri.

Dada: Hapo ndipo nilipotaka tufike, maana naona tunacheka sana. Shikamooni wakubwa. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipangiwa Hanang, nikaandika ubaoni kwamba wenyeji wa wilaya ile ni Wamang'ati, kama nilivyokuwa nikisikia siku zote. Mwanafunzi mmoja akainuka akasema, bila hasira hata kidogo, kwamba yeye ni Mbarabaig katika Wadatoga, na kwamba Mang'ati ni neno la Wamaasai la kumwita adui. Nilifuta ubao mkono ukitetemeka. Wamaasai hao hao ndio walioeneza neno Ndorobo, ambalo kwao lilimhusu mtu asiye na ng'ombe, nasi tukalipokea kana kwamba ni kabila, wakati Waokiek wana jina lao zuri. Hata Wairaqw tunawaita Wambulu kwa sababu tu mji wa Mbulu ndio tuliousikia kwanza. Hilo la mwisho ni jepesi kuliko la adui, lakini bado ni uvivu wa aliyetaja.

Kaka: Dada, si kila jina ni tusi. Waluguru ni watu wa milimani, na kweli wanaishi milimani. Mimi mwenyewe naitwa Mbongo kwa sababu ninaishi Dar es Salaam, mji ambao bila kutumia ubongo huli, nami naliona ni sifa.

Dada: Umesifiwa na nani, Kaka? Jina hilo mmejipa wenyewe.

Kaka: Haya, nimenyamaza.

Babu: Dada yako ana hoja, wala mimi sitaki kumshinda. Jina la utani likitoka kwa mtu ambaye nawe unaweza kumrudishia, ni mchezo. Mzaramo ananiita nipendavyo, nami namwita nipendavyo, na msibani tunakutana wote. Yule mtoto wa Hanang alikuwa anamrudishia nani? Mwalimu?

Dada: Ahsante, Babu.

Mimi: Nimesoma yote mara mbili. Naomba nipendekeze sentensi mpya ya kufungulia daftari: "Ukoo wetu umetoka Kahama. Walioishi kusini kwetu walituita Wasukuma, walioishi kaskazini kwetu walituita Wadakama, na watu wa pwani walituita Wanyamwezi." Je, hii inafaa?

Shangazi: Inafaa. Ila kwa watoto wangu ongeza kwamba kwa upande wa baba yao ni Wakilindini, wasije wakanidai nikiwa mzee.

Babu: Nami nimeikubali. Chini yake acha nafasi ya mistari minne; kesho nitakutajia utemi aliozaliwa babu yangu, na jina ambalo watu wa kijiji chake walijiita wao kwa wao.

Mjomba: Mpwa wangu, mbona umewataja wa kaskazini, wa kusini na wa pwani, ukaruka Dodoma? Andika pia: "Na Wagogo waliwaita wadaiwa, kwa kuwa kuna msafara uliokunywa maji usiku na kuondoka bila kulipa hongo."

Babu: Mwambie mjomba wako kwamba deni hilo lililipwa siku nilipomposea baba yako dada yake, na ng'ombe wote wakafika Dodoma wakiwa hai. Stakabadhi ni wewe mwenyewe.

Mjomba: Walifika wamekonda, Mzee.

Babu: Walipita Ugogo.