Mjadala: Ndoano ikiwa mdomoni, ndiyo samaki amevuliwa kwa haki?

Mtoa mada:
Wakuu, kipimo kilichozoeleka katika uvuvi wa mchezo ni kwamba aliyenasa mdomoni ni halali, aliyenasa ubavuni au mkiani arudishwe majini. Naona hakitoshi. Samoni akishaingia mtoni kwenda kutaga huwa karibu ameacha kula, ila mdomo unafunguka na kufumba kila anapopumua. Mvuvi anaacha mita 2 au 3 za mshipi kati ya chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) na ndoano, kisha anaukatizisha mkondo pale samaki waliposongamana. Mshipi unapenya kati ya taya, maji yanausukuma, ukivutwa unateleza mpaka ndoano inagota kwenye taya. Samaki hakuuma kitu. Huyo kategwa.

Mchangiaji 1:
Mkuu, mwamuzi atapimaje nia ya samaki? Chambo bandia chenye ndoano za ncha tatu kinaweza kuumwa kabisa, halafu samaki akijirusha ncha nyingine inamchoma shavuni na ya mdomoni inachomoka. Aliuma kwa hiari, lakini kwa kipimo hicho hicho anarudishwa. Bado kipimo cha mdomo ni afadhali, maana mdomo kila mtu anauona.

Mchangiaji 2:
Angalieni ncha kabla hamjachomoa. Aliyeuma, ncha huwa imetoboa kutoka ndani kwenda nje, mara nyingi kwenye pembe ya mdomo. Aliyepitiwa na mshipi, imetoboa kutoka nje kwenda ndani, aghalabu upande ulio mbali na mvuvi. Si ushahidi kamili, kwa hiyo mimi ningebana zana. Alaska wanataka shanga ya kuvutia samaki ikazwe ndani ya inchi 2 kutoka kwenye ndoano, au iachwe iteleze huru. Ikikazwa mbali zaidi, samaki anameza shanga, mvuvi anavuta, ndoano inamkwaruza uso kwa nje, hata jichoni.

Mchangiaji 3:
Na pambano lenyewe mmelisahau. Kwa rekodi za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo, mtu mwingine akigusa fimbo, rili au mshipi wakati wa pambano, samaki hahesabiwi. Fimbo ikivunjika ikawa fupi kuliko inavyoruhusiwa au ikaharibika vibaya, vivyo hivyo. Papa akimng'ata mpaka nyama ionekane, hesabu imekwisha, kwa sababu ulikuwa unapambana na samaki aliyejeruhiwa. Msaidizi anaruhusiwa kushika lida tu, yaani kipande kigumu cha mwisho, ndiyo maana urefu wake una kikomo: baharini ni mita 4.57 kwa mishipi inayohimili hadi ratili 20, na mita 9.14 kwa iliyo imara zaidi. Bila kikomo, msaidizi angemvuta samaki kwa mkono, mwenye fimbo akabaki mtazamaji.

Mtoa mada:
Hapo umenipa hoja, mkuu. Kama baharini tunapima lida kwa sentimita, mtoni tunashindwa nini? Kwenye mashindano ya samoni, kipande kati ya chubwi na ndoano kipimwe kabla ya kurusha, kikizidi mita 1 kikatwe. Mshipi mfupi haufagii mkondo.

Mchangiaji 1:
Kwenye maji maangavu je? Chubwi ikikaa karibu na ndoano samaki wanakimbia, na anayevua kwa haki ndiye atakayeumia kwanza.